Siku Kumi za Kitandani: Namna ya Kulinda Misuli ya Mzee Anapougua

Bibi wa miaka sabini na mitano anaingia wodini kwa miguu yake, nimonia imembana kifua. Siku kumi baadaye dawa zimefanya kazi yake: homa imeshuka, kifua kimefunguka, daktari ameandika ruhusa. Lakini bibi hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa mikono. Nyumbani wanasema ni uzee huo, au ugonjwa umemwachia udhaifu. Miezi mitatu inapita na bado anatembea kwa kushika ukuta, na msalani anasindikizwa na mjukuu.

Kilichompata bibi huyo kina maelezo, na sehemu kubwa yake ingeweza kupunguzwa na watu wa nyumbani kwake kwa mayai, maziwa, maharage na kiti kigumu. Ili mtunzaji ajue cha kufanya, ni lazima kwanza aelewe kilichokuwa kikiendelea ndani ya mapaja ya mgonjwa wakati kila mtu akiangalia kifua.

Misuli ndiyo ghala kubwa kuliko yote la protini mwilini. Kwa mtu mzima mwenye afya huchukua takriban asilimia 40 ya uzito wake. Ghala hilo halitulii. Kila siku asilimia moja hadi mbili ya protini za misuli huvunjwa na nyingine mpya hujengwa, mfano wa nyumba ya udongo: mvua humomonyoa ukuta, mwenye nyumba hukanda udongo na kukandika palipobomoka. Mtu akiwa kijana na mzima, kubomoka na kukandika huenda sambamba, na ukuta hubaki wima miaka nenda miaka rudi.

Kotisoli ndiyo inayoongeza mvua. Homoni hii hutengenezwa na tezi za adrenali, mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Si adui wa mtu. Ndiyo inayomwinua asubuhi, na bila hiyo hata maambukizi ya kawaida yanaweza kumuua. Kwa kawaida hupanda alfajiri, hufikia kilele muda mfupi baada ya kuamka, kisha hushuka taratibu hadi usiku wa manane. Mwili ukipatwa na dhiki ya kweli, kama vile maambukizi makali, mfupa kuvunjika, upasuaji au kuungua moto, tezi hizo huimimina kwa wingi, na adrenalini pamoja nayo. Amri inayofika kwenye misuli ni kufungua ghala. Protini huvunjwa kuwa asidi amino, nazo husafiri kwa damu hadi kwenye ini. Baadhi hugeuzwa sukari ya kuulisha ubongo; nyingine hutumika kutengeneza protini za kupambana na ugonjwa, kulisha chembe za kinga na kuziba vidonda. Wakati huohuo kotisoli humshika mkono mkandikaji, hivyo ukuta unabomoka na hakuna anayeuziba.

Jambo hili lilianza kueleweka Glasgow, Uskoti, mwanzoni mwa miaka ya 1930. David Cuthbertson alipima nitrojeni kwenye mkojo wa watu waliovunjika mifupa ya miguu, akakuta wanapoteza nyingi kupita kiasi ambacho nyama iliyojeruhiwa peke yake ingeweza kutoa. Nitrojeni ni alama ya protini: kila gramu moja inayotoka ni sawa na takriban gramu 30 za nyama ya mwili iliyovunjwa. Cuthbertson alitambua kwamba jeraha la mguu mmoja huchangiwa na misuli ya mwili mzima. Miongo mingi baadaye, madaktari wa London walipima paja kwa mashine ya mawimbi ya sauti kwa wagonjwa mahututi. Katika matokeo yao ya mwaka 2013, eneo la mkato wa msuli mmoja wa mbele ya paja lilikuwa limepungua kwa karibu asilimia 18 kufikia siku ya kumi.

Hao walikuwa mahututi. Kisa kinachopaswa kumshtua mtunzaji wa mzee ni kingine, kilichochapishwa Marekani mwaka 2007. Watafiti walichukua kundi dogo la wazee wenye afya, wastani wa umri miaka 67, wakawalaza kitandani siku kumi. Hawakuwa na homa wala kidonda. Walikula milo mitatu kwa siku, protini ikiwa gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, kiwango kilichokuwa kikihesabiwa kuwa kinamtosha mtu mzima. Siku ya kumi miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo moja ya nyama, na uwezo wa misuli kujenga protini mpya ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 30. Vijana waliolazwa siku 28 katika utafiti mwingine walipoteza miguuni karibu nusu ya hiyo. Na tena, kulala kwenyewe huifanya kotisoli iume zaidi: mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba kiasi kilekile cha homoni hiyo kiliondoa asidi amino nyingi zaidi kwenye msuli wa mtu aliyekwisha kulala wiki mbili kuliko alipokuwa bado anatembea.

Sasa mtunzaji aviweke pamoja: mzee, homa, kitanda, na chakula cha kuonja. Ndiyo hali ya wodi nyingi na vyumba vingi vya nyumbani kuanzia Tanga hadi Bukavu.

Kwa nini mzee huumia zaidi? Kwanza, ghala lake tayari limepungua. Kuanzia miaka ya thelathini au arobaini misuli huanza kupungua polepole, na baada ya sitini kasi huongezeka. Mwaka 1989 Irwin Rosenberg, mtaalamu wa lishe wa Marekani, aliipa hali hiyo jina la sakopenia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya upungufu wa nyama. Pili, kotisoli ya mzee haishuki vizuri usiku kama ya kijana, kwa hiyo hata saa za mapumziko mvua inanyesha rasharasha.

La tatu ndilo kubwa, na ndilo lisilojulikana majumbani. Misuli ya mzee huitika chakula kwa uzito, kama mtu anayeitwa akiwa usingizini. Kijana akila protini ya gramu 0.24 kwa kila kilo ya uzito wake katika mlo mmoja, ujenzi wa misuli hufikia kilele. Mzee anahitaji karibu gramu 0.40. Chini ya hapo mwito haumfikii mkandikaji vizuri. Ina maana kwamba kipande kidogo cha samaki kinachomtosha kijana, mwilini mwa mzee hupita bila kuinua ukuta. Kupona nako huchelewa: panya waliopewa dawa ya jamii ya kotisoli katika maabara za Ufaransa miaka ya 1990 walikonda wote, wazima na wazee, lakini wazee ndio waliochukua muda mrefu kurudisha misuli yao.

Uzee na kotisoli vinakutana pia katika kuchagua mawindo. Vyote viwili hudhoofisha zaidi nyuzi za misuli zenye kasi, zile zinazomdaka mtu mguu unapojikwaa kwenye kizingiti. Ndiyo sababu mzee aliyepona malaria anaweza kuanguka mwezi unaofuata, akavunjika nyonga, na kurudi kitandani kuanza upya.

Upimaji wa nyumbani

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata futi ya fundi cherehani. Watafiti wa Japani walikipendekeza baada ya kuwafuatilia wazee wa mji wa Kashiwa. Mzee akae kitini, nyayo chini, atengeneze pete kwa kuunganisha ncha za vidole gumba na vya shahada vya mikono yote miwili, kisha auzungushie mguu wake mahali kigimbi kilipo kinene zaidi. Vidole vikishindwa kukutana kwa sababu kigimbi ni kinene, hiyo ni dalili njema. Vikikutana na kuacha nafasi, misuli yake huenda imepungua na anahitaji kupimwa kwa makini. Miguu iliyovimba hudanganya kipimo hiki.

Cha pili ni kiti kigumu kisichoteleza, kimeegemezwa ukutani. Mzee akunje mikono kifuani, asimame wima na kuketi mara tano bila kushika kitu, mtu akiwa karibu naye. Akizidi sekunde 15, wataalamu wa Ulaya wanaliita jambo hilo dalili ya misuli dhaifu.

Kuna dalili nyingine ambazo mtu wa nyumbani huziona kabla ya daktari. Babu aliyekuwa akiinuka kutoka sijida kwa wepesi sasa anaomba kiti msikitini. Bibi aliyekuwa akikalia mbuzi kukuna nazi anamwachia mjukuu, anasema siku hizi mbuzi ni fupi mno. Dumu la lita tano linabebwa kwa mikono miwili. Kifuniko cha chupa kinamshinda, na daladala anaipanda kwa kuvutwa. Magoti na mgongo vinaweza kuwa chanzo, ni kweli, lakini mara nyingi chanzo ni paja lililopungua, na paja linajengeka tena.

Sahani ya mgonjwa

Mwaka 2013 jopo la kimataifa la wataalamu wa afya ya wazee lilipendekeza kwamba mzee mwenye afya ale protini gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na aliye mgonjwa apate 1.2 hadi 1.5. Kwa mgonjwa wa kilo 60 hiyo ni gramu 72 hadi 90. Zigawe katika milo mitatu, kila mmoja ukiwa na gramu 25 hadi 30, ili kila mlo uwe na sauti ya kumwamsha mkandikaji.

Ulinganishe mpango huo na siku ya kawaida ya mzee wa pwani: asubuhi chai ya rangi na mandazi, mchana wali na kipande cha samaki, usiku chai tena na mkate. Protini yote ya maana imekusanyika mchana. Akiugua, hata samaki anaondolewa kwa sababu hana hamu, na kinachobaki ni uji mwepesi. Kikombe kikubwa cha uji uliopikwa kwa gramu 50 za unga wa mahindi kina protini kama gramu nne. Vikombe vitano kwa siku havifiki hata theluthi moja ya anachohitaji.

Uji si wa kutupwa. Ni wa kutajirishwa. Upike kwa kikombe cha maziwa badala ya maji, unaongeza gramu nane. Koroga vijiko viwili vikubwa vya karanga zilizosagwa, unaongeza kama saba. Yai moja la kuchemsha pembeni ni sita. Uji uleule sasa umefika gramu 25, na mgonjwa hajaongezewa shibe ya kumchosha. Anayeishi karibu na Ziwa Viktoria au Tanganyika anaweza kutumia dagaa: waoshwe mchanga, wakaushwe, watwangwe wawe unga. Gramu 20 za dagaa wakavu hutoa protini kama gramu 12, na unga huo huingia kwenye mchuzi, kwenye mboga, hata kwenye viazi vilivyopondwa, bila kudai meno.

Maharage, kunde, choroko na dengu ni protini ya mwenye kipato kidogo, na zinastahili heshima kuliko zinayopewa. Kikombe kizima cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15. Zikiliwa pamoja na ugali au wali, nafaka na kunde hufidiana upungufu wao wa asidi amino. Kwa mgonjwa, zipondwe na zichujwe maganda.

Kuhusu supu lazima lisemwe wazi, maana upendo mwingi hupotelea humo. Supu ya mifupa au makongoro hutia hamu na hurudisha maji na chumvi, lakini protini inayoyeyukia humo ni kidogo, na nyingi ni ya aina ya gelatini, ambayo inakosa asidi amino moja ya lazima kabisa. Mgonjwa akinywa mchuzi na mtunzaji akala mnofu, mtunzaji ndiye aliyejenga misuli. Mnofu usagwe au uchambuliwe nyuzinyuzi, umfikie mgonjwa ndani ya supu hiyohiyo.

Mwenye gauti asikimbilie kuacha protini yote: mayai na maziwa hayamwongezei asidi ya yuriki kama dagaa na nyama nyekundu zinavyofanya. Mwenye ugonjwa sugu wa figo ambaye hajaanza kusafishwa damu asizidishe protini kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwani kwake viwango ni vingine. Mwenye kisukari anahitaji protini hizi kama mwingine yeyote; aangalie sukari anayotiliwa kwenye uji.

Mzee anapongojea upasuaji kuna mtego mwingine. Anaambiwa asile tangu usiku, asubuhi inapita, upasuaji unaahirishwa, na kesho yake anafungishwa tena. Kwa mgonjwa wa kawaida, miongozo ya kimataifa ya usingizi wa upasuaji inahitaji saa sita bila chakula na saa mbili bila maji. Ndugu asimlishe kwa siri, ni hatari, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Lakini ana haki ya kumuuliza muuguzi kwa adabu saa kamili ya kuanza kufunga, na mara upasuaji unapoahirishwa aulize kama mgonjwa anaruhusiwa kula sasa hivi.

Heshima inayomketisha

Desturi humtaka mzee apumzike. "Kaa, bibi, nitakuletea." Maji huletwa, sahani huletwa, na akiugua hata msalani anapunguziwa safari kwa kuwekewa beseni chini ya kitanda. Ni adabu, na hakuna anayetaka ipotee. Hata hivyo, chakula peke yake hakimwamshi mkandikaji kama kinavyomwamsha kikiwa pamoja na msuli uliofanya kazi, na heshima inayomnyima mzee kazi zote inamnyima pia miguu yake.

Kwa hiyo, daktari akisharuhusu, mgonjwa ale akiwa ameketi kwenye kiti, si kitandani. Hilo tu lina maana ya kusimama na kukaa mara tatu kwa siku. Kitandani kwenyewe anaweza kunyoosha goti na kulikaza kwa hesabu ya tano, kukanyaga hewa kwa nyayo, na kuinua makalio huku magoti yamekunjwa. Aende msalani kwa miguu akishikiliwa. Hata aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, mwongozo wa Uingereza unataka asaidiwe kusimama siku inayofuata, isipokuwa daktari awe na sababu ya kukataza. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyepo hospitalini hana budi kuulizwa kabla mgonjwa hajaruhusiwa, maana baada ya hapo ni shida kumpata.

Akirudi nyumbani, kusimama na kuketi kitini kuwe zoezi lake: mara tano, mapumziko, mara tano tena, asubuhi na jioni, kuongeza kidogo kila wiki. Chupa za nusu lita zilizojaa maji zinatosha kuanzia mikono. Baadaye za lita moja. Zoezi lifike mahali pa kuwa gumu, kwani msuli haujengwi na kitu chepesi. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika ni ishara ya kuacha na kutafuta matibabu.

Anayedhani umri umekwisha pita asome yaliyotokea Boston mwaka 1990. Daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wakazi kumi wa nyumba ya wazee, wastani wa miaka 90, wakawapa mazoezi mazito ya miguu kwa majuma nane. Waliomaliza waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174, na eneo la mkato wa misuli ya mapaja likaongezeka kwa asilimia tisa.

Usingizi nao uhesabiwe kuwa tiba. Watafiti wa Australia waliripoti mwaka 2021 kwamba usiku mmoja tu bila kulala ulishusha ujenzi wa protini za misuli kwa asilimia 18 na kupandisha kotisoli kwa asilimia 21, na hao walikuwa vijana. Wageni wa usiku, redio na taa chumbani kwa mgonjwa vipunguzwe, na maumivu yatibiwe ipasavyo, kwa sababu maumivu nayo huamuru kotisoli ipande.

Kotisoli ya dukani

Ipo kotisoli isiyotoka kwenye tezi. Prednisoloni na deksamethasoni ni ndugu zake waliotengenezwa viwandani, na kwa pumu, kwa mzio mkali au kwa COVID-19 kali zimeokoa watu wengi. Zikitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi hufanya kile ambacho Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani, alikieleza mwaka 1932 kwa wagonjwa wenye kotisoli nyingi kupita kiasi: uso unakuwa wa mviringo, tumbo linajaa, mikono na mapaja yanakonda. Majirani husema mtu amenawiri, kumbe miguu inamwisha. Wazee wengi huzipata vichochoroni kama vidonge vya kutuliza viungo au vya kutia hamu ya kula, na baadhi ya dawa zinazouzwa kuwa za mitishamba zimewahi kukutwa na steroidi zilizofichwa. Krimu kali za kung'arisha ngozi zenye steroidi hupenya nazo zikaingia mwilini.

Mzee anayetumia vidonge hivyo kwa wiki kadhaa asiviache ghafla. Tezi zake zitakuwa zimelala, na kukatisha siku moja kunaweza kumwangusha akapoteza maisha. Chukua pakiti zote zilizo chini ya mto na ndani ya mkoba wake, peleka kituo cha afya, na umwombe mganga apange namna ya kuzipunguza.

Kwa asiyekuwa na mgonjwa nyumbani leo, huu ndio wakati wa kuanza. Kesho asubuhi, chai inapoandaliwa, weka mayai mawili na kikombe cha maziwa mezani, sogeza kiti kigumu ukutani, msalimie mzee wako shikamoo, umwombe aje akae. Kisha mhesabie anavyosimama.